Mwezi Umepenya Ukuta

Kaka, mbona hupokei simu?

Umeme umekatika, wapangaji wote wako juu ya paa wanaangalia mwezi. Umechomoza mkubwa kama sinia, unang'aa mpaka unaweza kusoma gazeti.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi nakusanya brashi zangu. Nikaona mstari mweupe ukutani. Nikadhani rangi imechuruzika, nikaufuta kwa kitambaa. Haufutiki. Nikaweka mkono, mstari ukahamia juu ya mkono wangu.

Ni mwezi, kaka. Mwezi unapenya ukuta wa upande wa pili.

Ni ule ufa. Ule ulioniambia, "Huo si wa rangi, huo ni wa kuita mhandisi." Mwenye nyumba akasema paka tu, nikapaka. Wahenga walisema ziba ufa, mimi nikauziba kwa brashi. Wiki jana ulikuwa urefu wa kidole. Sasa umetoka sakafuni mpaka darini.

Nimewaita washuke. Shangazi yangu ananicheka toka juu: "Acha woga, panda uone. Tangu nizaliwe sijauona hivi."

Wanacheza huko juu, kaka. Wakiruka, mstari unanenepa.

Napanda kuwashusha. Nisipopokea simu, waambie niliambiwa, nikapaka.