Nyumba Tatu Chini ya Paa Moja

Itumba, Bundali,
14 Juni 1953

Mpendwa mdogo wangu Anyosisye,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani, na joto la Lindi linakuachia usingizi? Kile kifua kimepona? Sisi huku tu wazima. Baba mzima, anakula na kugomba kama kawaida. Mke wangu Ruti mzima. Mimi mzima pia, ila nina hasira, na ukiona karatasi imetoboka ujue kalamu ilikuwa inakimbia mbele yangu.

Barua yako tumeipata. Nilikuandikia kwamba nataka kubadili nyumba zetu kidogo, nawe unasema nisiguse hata tofali moja, kwa kuwa umekwisha kuwaambia makarani wenzako kwamba kwenu kuna safu ya nyumba kama ile ya pwani. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikaikunja, ya tatu nikamsikitikia aliyeiandika. Wewe umeoa mke au umeoa safu?

Safu ile naijua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyeshika ndoo ya chokaa mbele ya nyumba zile za forodhani huko Lindi wewe hujaota ndevu. Kuta nene za mawe, majirani wawili wanagawana ukuta mmoja, milango ya nakshi, baraza moja ndefu tangu mwanzo hadi mwisho, mtu unatembea kivulini mpaka unachoka. Nilirudi nikawasimulia watu wote wa hapa, na chumvi nikaongeza, nakiri. Ulipokwenda wewe ukachora ramani yako kwa wino, mimi nikajenga. Hakuna mwingine Bundali nzima ambaye angeiweza kazi ile. Baba mwanzo, mimi katikati, shemeji Tusekile mwisho, na paa moja la mabati juu ya wote. Watu walitoka Isoko kuja kutazama.

Sasa nisikilize. Mimi na wewe tulisahau jambo ambalo hata mtoto wa hapa halisahau. Tumebatizwa wote, lakini kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake, hapiti mbele yake, wala hataji jina lake. Na Baba tangu apate baraza haondoki. Asubuhi anaota jua pale, mchana analikimbia jua pale pale. Mlango wa Tusekile ni mmoja, nao unafungukia baraza hiyo hiyo. Mke wako na Ruti wangu walikuwa wanakaa ndani kama mahabusu mpaka mzee aende shamba.

Mwezi uliopita alipita dereva wa lori, mtu wa Lindi hasa. Nikampeleka kwa majivuno, nikangoja sifa. Akazunguka nyuma, akarudi, akaniuliza, "Uani kuko wapi? Wanawake wenu wanatokea wapi?" Akanieleza kwamba kila nyumba ya safu ile ina ua kwa nyuma na mlango wa wanawake. Anyosisye, mimi nilipaka chokaa miezi saba na ndani sikuingia hata siku moja. Na wewe hujaingia. Tumejenga uso bila kisogo.

Wiki ile ile Tusekile alitaka maji, Baba yuko barazani, basi akapita dirishani na mtungi wake. Mimba ya miezi saba. Akaanguka. Mtoto yu hai, mkunga amempapasa akasema anacheza, lakini shemeji alifunga nguo zake akaenda kwao. Nilimfuata na kuku wawili, nikamwahidi baba yake, Mzee Efraimu, kwamba nitatoboa mlango wa nyuma. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Toboa ukitaka. Mwanangu harudi chini ya paa moja na mkwe wake."

Nikarudi kwa Baba nikamwomba ahame. Akaniuliza kama ile nyumba nilimjengea au nilimwazima. Ndipo ikafika barua yako ya tofali. Nikawakasirikia wote pamoja: Baba na jua lake, wewe na makarani wako, na mimi na mdomo wangu.

Paa lile halikatiki bila nyumba moja kuanguka. Ya Baba siwezi kuivunja. Ya kwako umenikataza. Basi Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu nilipanda juu na nyundo. Ruti alilia kidogo, kisha akashika ngazi. Siku nne nimevunja nyumba yangu mwenyewe, na watu wa Isoko wakaja tena, safari hii kucheka. Tofali zake nimejengea ua nyuma ya nyumba yako, kimo cha mtu mzima, na mlango wa kutokea kwenda mtoni.

Tusekile amerudi jana. Amechota maji mara tatu, na nadhani hakuwa na haja nayo yote.

Mimi na Ruti tunalala jikoni mpaka nifyatue tofali nyingine. Usiniandikie pole, sitaisoma. Omba ruhusa, panda lori, uje kabla mtoto hajazaliwa.

Baba anakusalimu, hajui niliyoyaandika. Ruti anakusalimu, na dada yetu Tumpe, na Mzee Efraimu akisema uje mwenyewe. Bwana akulinde njiani. Ukifika usipitie barazani. Mke wako yuko nyuma.

Ndimi kaka yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Lusubilo