Skrini Zote Zina Doa

Mwenzangu, uko wapi? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Nimetoka dukani sasa hivi na mume wangu. Si nilikwambia nataka skrini kubwa ya kuunganisha na laptop, nifanye kazi nyumbani kwa raha? Hizi kadi za harusi ninazochora zinanimaliza macho.

Na unajua tabia yangu ya kufumba jicho la kulia nikiangalia kama mstari umenyooka. Basi muuzaji akawasha skrini ya kwanza, nikafumba. Nikamwambia, "Hii ina doa katikati."

Akawasha ya pili. Doa. Nikaanza kufoka! "Kaka, mnatuuzia mabovu?"

Akatoa ya tatu kwenye boksi mbele ya macho yangu, hata nailoni ya kioo hajaibandua. Doa. Palepale katikati!

Nikasema duka zima limeoza. Yaani mimi na mdomo wangu! Watu wote wamegeuka.

Mume wangu akanishika mkono. Unamjua, yule si mtu wa kunong'ona. Akaninong'oneza, "Mama watoto, hakuna doa."

Hakuna doa, mwenzangu. Hata moja. Na kaka wa watu bado anafuta kioo kwa shati lake.

Hatukununua kitu. Kesho asubuhi tunaenda kwa daktari wa macho. Tuko kwenye gari.

Sasa hivi nimefungua picha yako ya hapa WhatsApp, ile unayocheka. Nikafumba jicho la kulia.

Nywele naziona. Hereni naziona. Uso huna.