Binti wa Treni ya Kesho

Lodève, Jumapili baada ya misa

Dada yangu mpenzi Odile,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na shemeji, na kichanga chetu? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umejaa huzuni. Nakuomba barua hii uisome peke yako.

Uliniuliza masomo ya uigizaji kule Paris yanakwendaje. Mwaka mzima mwalimu wangu Bi Vauquelin amenipigisha makofi kama mtoto wa chekechea, kofi moja kwa kila silabi ya kitenzi. Sisi wa kusini tukisema "chante", yaani "anaimba", tunapiga mawili, chan-te, na mkia wake wote. Paris wanapiga moja tu, mdomo umefungwa. Hata "chantent", yaani "wanaimba", pamoja na herufi zote zile za mwisho, ni kofi moja. Kila nilipokosea, alisema mbele ya darasa kwamba nimeleta harufu ya kitunguu saumu jukwaani, na wenzangu wakaangua kicheko. Basi nikafanya mazoezi na penseli kati ya meno, bafuni, jikoni, mpaka mkia ule ukakatika. Mwezi uliopita nikachukuliwa na kundi la maigizo. Nilijiona bingwa, mjinga mimi.

Ndipo jirani yetu Fernande akapiga simu shuleni kwamba Baba yu kitandani, mapafu yamechoka, na daktari haoni kama ataishi mpaka mavuno ya zabibu yaishe. Nikapanda treni usiku uleule.

Unajua macho yake hayaoni tena. Nilimwinamia nikamwambia, "Baba, ni mimi, Maguelone." Akanijibu kwa ile adabu yake ya kwa wageni, "Asante kwa kuja, bibi. Binti yangu yuko njiani."

Fernande alimwapia kuwa ni mimi. Baba akamwambia aache kumdanganya mgonjwa. Nikajaribu kusema kama zamani, na mkia wote. Odile, ulimi ulinikatalia! Kilichotoka ni kile wanachofanya watu wa Paris mezani wakituiga sisi wa kusini ili kuchekesha wenzao. Baba akasema, "Ndivyo tunavyosema huku, bibi. Usitucheke."

Nimebaki. Namlisha supu, namgeuza, nabadilisha mashuka. Ananiita muuguzi, tena ananisifu kwamba nina mkono mwepesi. Ananisimulia habari za binti yake mdogo, alivyokuwa akiimba shambani mpaka wakata zabibu wanamtupia vikapu anyamaze. Mimi nakaa nasikiliza, nitafanyaje?

Sasa nakwambia nisilomwambia mtu. Jana aliniuliza, kwa kuwa natoka Paris, kama namfahamu Maguelone, na kama amewasahau watu wake. Nilisema namfahamu. Nilisema hajasahau hata kidogo, atafika na treni ya kesho. Akafurahi sana, akaomba nimnyoe ndevu, binti asimkute vile. Nikamnyoa.

Leo amevaa shati la Pasaka, kakaa na mito mgongoni, anasikiliza mlango. Nimemwambia treni imechelewa. Najua umejifungua juzi tu, na najua ninachokuomba si kidogo. Lakini wewe umebaki Millau, unasema kama tulivyosema sote, na hata Mama alikuwa akituchanganya sauti zetu. Barua nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Panda basi lake la kurudi. Ingia chumbani, mbusu Baba, umwambie wewe ni mimi.

Nitakuwa hapo pembeni na bakuli la supu. Msalimie shemeji, na mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Maguelone