Mstari Uliokosekana Kwenye Daftari la Karani

Idsowe, Garsen
Jumapili, 6 Julai 2025

Dada yangu mpendwa Sidi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua tangu mvua zipungue huko Kaloleni. Sisi huku tu wazima kiasi chetu. Maji ya mto yamerudi mahali pake, mahindi yamefika magotini, na nyani wameshaanza kuja kuyakagua utadhani wao ndio waliopanda.

Mwandiko huu najua umeutambua si wangu. Ni wa Charity. Herufi ndogo siku hizi zinanichezea machoni, kwa hiyo mimi nasema na yeye anaandika, tumekaa hapa mezani tangu tutoke kanisani. Ameshaniuliza mara mbili kwa nini nisikupigie simu nikamaliza. Nimemwambia kwenye simu hunipi nafasi, na usikasirike dada, hilo ni kweli. Mtu akikuanzia neno, wewe umeshalimaliza. Haya ya leo nataka yafike mwisho. Nimemwomba Charity aandike kila neno kama ninavyolitamka, hata lisilompendeza, naye amekubali. Anasema nisimfundishe kazi, nianze.

Kila ukipiga simu swali lako la kwanza ni Karani yuko aje, na la pili ni sukari yangu iko aje. La kwanza nimekuwa nikikujibu anaendelea. La pili nimekuwa nikikujibu iko sawa. Leo nitakujibu yote mawili.

Unakumbuka Pasaka ulivyomleta ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, umeitoboa matundu, naye ametoa pua kwenye tundu moja mpaka Garsen. Jina ulimpa wewe, kwa lile doa jeusi juu ya sikio, kama karani aliyebana kalamu. Dada, mbwa yule alinishika moyo. Nikienda shambani yuko nyuma, nikikaa amekaa, nikikohoa anainua kichwa. Kabla hajatimiza miezi mitatu alimfukuza ngedere mpaka juu ya mti, kisha akaogopa mwenyewe akarudi mbio kwangu. Nilicheka mpaka machozi.

Katikati ya mwezi wa tano akaanza kuharisha. Asubuhi maji matupu, na mara nyingine anatapika. Jioni anapata nafuu, anakula, anacheza. Asubuhi ya pili yale yale. Charity alimpa maji ya mchele. Jirani akasema tumpe mkaa uliosagwa, tukampa. Mbavu zikaanza kuhesabika. Nikamfunga kwenye leso ya Charity, nikapanda boda, nikampeleka Garsen kwenye duka la dawa za mifugo la Daktari Ifrah, binti wa mzee Hersi muuza mbuzi.

Pale foleni yote ilikuwa ya watu wa mbuzi na ng'ombe. Jamaa mmoja akaniuliza kama nimekuja kumtibu mbwa au kumuuza kwa kilo. Nilimjibu maneno ambayo Charity anasema hayaandikwi siku ya Jumapili. Daktari mwenyewe hakucheka. Alivaa glovu ndefu na aproni, akamshika Karani kwa utaratibu kama anavyoshika mwana-kondoo, akampapasa tumbo, akamtazama ufizi. Alichukua kinyesi akakiweka chini ya darubini, akasema ana minyoo lakini si mingi kiasi cha kumfikisha hapo. Akampa dawa ya minyoo, akatuambia turudi baada ya wiki.

Wiki ikapita, minyoo ikatoka, na kuharisha kukabaki. Hapo ndipo Daktari akatuagiza tununue daftari. Akasema kila kinachoingia mdomoni mwa Karani kiandikwe, saa yake, na mkono uliompa. Alisema mnyama hawezi kumwambia kilichompata, kwa hiyo itabidi sisi tuseme kwa niaba yake, na tukimficha kitu tutakuwa tumemficha Karani. Charity unamjua kwa uandishi. Asubuhi uji, mkono wa Charity. Mchana kichwa cha kambare, mkono wa Charity. Jioni sima na maziwa, mkono wa Gona. Aliandika hadi panzi.

Daktari akawa anasoma daftari na kuondoa kitu kimoja kimoja. Tuliondoa samaki siku tano, bila mabadiliko. Tukachemsha maji yake ya kunywa. Mwanzoni mwa mwezi wa sita mimi nilikwenda kliniki yangu, wakanipima, wakakuta sukari imepanda, wakaniongezea dawa. Badala ya kidonge kimoja asubuhi, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wiki ile ile Karani akazidiwa. Sasa alikuwa anaharisha usiku na mchana, na siku moja tukaona damu. Charity akasema nyumba hii ina mkosi, baba na mbwa wote wanaongezewa dawa kwa pamoja.

Yakabaki maziwa. Yule anayetuletea, kama unamkumbuka, ni Abdia, mama mfugaji wa Kiorma ambaye siku ya Pasaka alikupimia lita ukampa nazi. Mimi ndiye niliyetamka kwanza kwamba huenda maziwa yake yana kitu. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wawili waliokuwa wakipita. Tukakataa maziwa yake. Abdia akasimama pale mlangoni na kidumu chake, akaapa wallahi kwamba maziwa hayo hayo ndiyo wanayokunywa watoto wake, kisha akaondoka bila kuaga. Kwa miaka sita hakuwahi kuondoka hapa bila kuaga. Maziwa yakaondolewa, na Karani hakupona.

Daktari Ifrah akasema sasa tumwachie. Alikaa naye siku nne, akimpa wali na mayai ya kuchemsha, bila dawa yoyote. Siku ya pili kuharisha kukakoma. Siku ya nne nilimkuta anabwekea mbuzi za watu. Nilifurahi, dada, nikambeba mikononi mpaka stendi ya boda, watu wanitazame wanavyotaka. Kesho yake asubuhi akaanza upya.

Nilipompigia Daktari alisema neno ambalo sijalisahau: ugonjwa huu uko nyumbani kwenu, na hauko kwenye daftari. Charity alikuwa karibu akalisikia. Tangu siku hiyo ameshikilia kwamba kuna mtu anamtilia Karani sumu, na mtu mwenyewe ni Abdia, kwa hasira ya maziwa. Abdia amemtumia ujumbe kwamba mbwa hata hamkaribii, nguo zake ni za kuswali, sasa atamlisha kwa mkono gani? Charity hakusikia. Amesema kesho Jumatatu asubuhi anakwenda kwa chifu kumshtaki. Na wewe huku umeishi, unajua neno la namna hiyo kati ya mkulima na mfugaji linavyotembea. Likishatoka kwa chifu halitakuwa tena la mbwa.

Charity anasema hapa nimemwandika vibaya. Andika hivyo hivyo, mke wangu, ulikubali.

Sasa Alhamisi iliyopita. Karani aliamka hawezi kusimama. Tulimpeleka mbio, amelegea kama kitambaa kibichi. Daktari alipotaka kumwekea dripu, Charity alikimbia dukani kutafuta glukosi, na hapo nyuma Karani akatapika juu ya meza. Ndani ya matapishi mlikuwa na kitu cheupe. Daktari akakiokota kwa koleo, akakisuuza, akakiweka kiganjani kwenye glovu akakitazama pande zote mbili. Kidonge, nusu kimeyeyuka, herufi bado zinasomeka. Akasema anakijua, baba yake mzee Hersi anavimeza hivyo mwaka wa kumi huu. Akaniuliza nyumbani kwetu ni nani ana sukari.

Nilimtazama Karani.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema yeye amesomea kutibu wasiojaliwa kusema, na mimi nina mdomo. Akasema hatamwambia Charity, maana si kazi yake, lakini Karani hatoki pale mpaka daftari lije limejazwa. Na ule mstari uliokosekana hataki kuuona kwa mwandiko wangu. Anataka uwe kwa mwandiko wa yule aliyeandika mengine yote.

Charity, andika. Usinitazame, andika. Dada Sidi, vidonge alivyokuwa akila Karani ni vyangu. Kila asubuhi Charity ananipa kimoja na maji, ananitazama nameza. Simezi. Nakiweka chini ya ulimi, natoka nje na tonge la sima, nakitia ndani ya tonge, nampa Kar

Dada, sasa mwandiko ni wangu, vumilia ukubwa wa herufi. Charity ameweka kalamu chini, ameondoka mezani. Namsikia jikoni. Sufuria zinaongea.

Nimalizie. Ulinitumia vile vidonge mwezi wa pili, ukanunua vya miezi sita, ukaniapisha kwa kaburi la mama. Vilinivuruga tumbo tangu siku ya kwanza. Niliwaambia kliniki, wakasema mwili utazoea. Nilikuambia wewe, ukasema niache kudeka, mama angepata dawa kama hizo angekuwa hai. Nikanyamaza. Mwezi wa tatu tulikuwa na mkutano wa wakulima, juu ya ile pampu ya kumwagilia mashamba. Mimi ndiye mwenyekiti. Nilikuwa nimesimama nazungumza, tumbo likanikata, nikakimbilia mahindini. Sikufika. Watu arobaini, dada. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua. Mmoja alivua shati lake akanipa nijifunge kiunoni. Charity hakuwepo, aliambiwa nilishikwa na homa.

Tangu siku hiyo sijameza hata kimoja. Mwanzo nilivitema shambani. Siku moja Charity akifagia uani akaokota kimoja, nikasema kiliniponyoka. Nikaona nitakamatwa. Na Karani alikuwa pale pale miguuni, mdomo wazi.

Mwanzoni sikujua, na hilo naapa. Nilidhani kidonge kidogo vile kwa mbwa si kitu. Lakini alipopona kwa Daktari siku zile nne nilijua. Nilijua, dada, na aliporudi nikampa tena. Nilijiambia kesho nitatafuta pa kuvitupa. Mtoto wa mbwa anatikisa mkia, anapokea ninachompa, na mimi nampa. Wakati huo Abdia anatukanwa kwa ajili yangu. Kile kilichonikimbiza mahindini nimemtwika Karani, asiyeweza hata kulalamika. Naona haya kuliko siku ya mkutano.

Na Daktari alisema neno jingine. Alisema Alhamisi hiyo tangu niingie mlangoni ameona nachechemea, yeye mnyama humtazama miguu kwanza. Hapa nyumbani nimesema jembe lilinikwaruza. Hakuna jembe. Ni kidole gumba cha mguu wa kushoto, kilitoboka chenyewe, wiki ya tatu leo hakifungi, na hakiumi. Ndiyo sababu nalala na soksi kwenye joto hili. Wewe ndiye uliyemwosha mama mguu mpaka siku walipoukata. Kwa hiyo sina haja ya kukueleza. Naogopa, Sidi. Nimeogopa muda mrefu, na niliona afadhali niogope peke yangu.

Nisamehe kwa zile simu zote nilizokuambia iko sawa.

Nisalimie shemeji, na watoto kila mmoja kwa jina lake, na yule mwalimu jirani yako aliyenipa mbegu. Mwambie zimeota. Mola akulinde na goti lako.

Ni mimi ndugu yako,
Gona

Wifi Sidi,

Hapa ni mimi tena, Charity. Yeye nimemwacha mezani, hajui alale au akae.

Niliahidi kuandika kila neno na nikashindwa katikati, nisamehe. Mstari nimeshauandika kwenye daftari: asubuhi, kidonge cha sukari, mkono wa Gona, jioni, kidonge cha sukari, mkono wa Gona. Nimeurudisha nyuma kwa tarehe, wa jioni tangu alipoongezewa dawa, kila siku na mstari wake, siku arobaini na sita, zile nne za kwa Daktari nimeziruka. Kalamu imekwisha wino, hii nimeazima.

Kwa chifu siendi. Kesho alfajiri tunaanza kwa Abdia. Gona ataomba msamaha kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nitaomba wangu, maana na mimi nilisema. Kutoka hapo ni hospitali, na safari hii naingia naye ndani mpaka waniambie mimi kama hakuna dawa nyingine itakayolihurumia tumbo lake. Karani tutampitia tukirudi. Daktari Ifrah amepiga simu jioni hii, amesema leo amesimama na amekula yai.

Kuhusu mkutano, wifi, mimi nilijua. Mke wa yule aliyevua shati aliniambia siku ile ile. Nilinyamaza ili nisimwaibishe, nikadhani namhifadhi.

Nimemvua soksi mwenyewe, nimekiona kidole. Mama nilimwona, kwa hiyo najua ninachokitazama.

Ukipata barua hii usipige simu. Njoo.

Wifi yako,
Charity