Juisi za Kumwona Mgonjwa

Jumanne, alasiri. Joto limetangulia mvua mwaka huu. Mawingu yanapita juu ya mtaa wetu wa Itetemia bila kusimama, na kuku wa jirani wamejilaza kivulini midomo wazi. Miguu yangu imevimba tena. Lakini moyo, huo huo ambao daktari anasema umechoka, leo ni mwepesi.

Shajara, nina jambo la kuungama. Nitaliungama polepole, kwa sababu ninaandika kwenye simu, kwa kidole kimoja.

Ninatengeneza pombe ndani ya nyumba ya mlokole.

Tangu nitoke kulazwa hospitali ya Kitete, watu hawajaacha kuja kuniona. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na siku hizi mkono usio mtupu maana yake ni boksi la juisi. Nani aliyeanza kusema kwamba juisi ya tufaha inamfaa mgonjwa, sijui. Kila aliyeingia aliingia na boksi, akaliweka mezani kwa heshima, akaniambia nipate nguvu. Hakuna aliyeuliza ninaumwa nini. Ninaumwa sukari, pamoja na moyo. Juisi ile ni haramu kwangu kuliko sumu ya panya.

Maboksi yakajaa mezani, yakahamia chini ya kitanda, yakafika nyuma ya mlango. Kuyagawa sikuweza. Niliona ni kama kugawa pole za watu.

Nimefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi. Katika ujana wangu nilipelekwa Uingereza kusoma mwaka mmoja, na mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akitengeneza kinywaji cha matufaha: cha rangi ya dhahabu, kikavu mdomoni, na kikali kiasi kwamba magoti yalilewa kabla ya kichwa. Sikuwahi kukitengeneza, kwa kuwa matufaha hayaoti hapa. Sasa yamekuja yenyewe, ndani ya maboksi, yakiwa yamesafiri mbali kuliko msafara wowote uliowahi kutua Tabora. Mji wetu umezoea hayo. Tangu enzi za mapagazi umeishi kwa vitu vilivyopandwa na kufumwa kwingine.

Nikawaza: siku ya kuanua matanga yangu, wote walioniletea juisi warudishiwe juisi yao, ikiwa imekomaa.

Nilimwambia binti yangu Skolastika wakati wa uji. Ni mwalimu wa hesabu, mjane, na ndiye anayenitunza. Ameokoka, na haijapata kuingia pombe katika nyumba hii tangu aijenge. Aliukoroga uji muda mrefu, ingawa ulikuwa umeshaiva.

"Baba, unaniomba nipike pombe?"

"Nakuomba uniinulie vyombo. Kupika nitapika mimi."

"Vyombo nitainua. Kuonja, sionji. Wala usije ukaniomba."

"Sitakuomba."

"Umeahidi."

"Nimeahidi."

Tukaanza vibaya, na kosa lilikuwa langu. Sikutaka juisi ya mtu yeyote iachwe. Kila aliyekuja kuniona nilitaka awemo. Kwa hiyo tukamimina aina zote pamoja katika chupa kubwa ya maji ya dukani, tukatia hamira iliyoamshwa kwa maji ya uvuguvugu, tukangoja. Asubuhi kimya. Kesho yake kimya. Nilipochukua lenzi nikasoma maandishi ya maboksi, nilijionea aibu. Mengine yalikuwa na dawa ya kuzuia kuchacha. Mengine hayakuwa na tufaha hata moja. Ni maji, sukari na harufu. Mimi, mwalimu wa kemia, nilitanguliza adabu ya wageni, nikasahau kusoma.

Tulimwagia migomba.

Nilidhani Skolastika atashukuru Mungu na kufunga mjadala. Badala yake aliketi sakafuni akayachambua maboksi yaliyobaki, lipi safi na lipi si safi, huku akitaja walioleta. Hili la mama wa kanisani. Hili la wale vijana uliowafundisha. Kila aliyekuwa ameleta juisi isiyofaa, binti yangu alikwenda dukani akamnunulia boksi moja la inayofaa, likawekwa badala ya lake.

"Umesema hutaki akosekane mtu," aliniambia.

Mtu ambaye hataki hata kunusa pombe! Niliutazama mgongo wake alipokuwa anaosha chupa kwa maji ya moto.

Safari hii hamira iliamka. Tuliziba mdomo wa chupa, tukapitisha katikati ya kizibo mpira mpya wa dripu kutoka duka la dawa, ncha ya pili tukaizamisha katika glasi ya maji, ili hewa itoke na nyingine isiingie. Kufikia jioni glasi ilikuwa inatoa mapovu, bwi, bwi, bwi, kama mtoto anayejifunza kusema neno moja.

Juisi peke yake haitoi kinywaji kikali. Sukari yake ni ndogo. Tuliongeza asali ya msituni, ile nyeusi ya kwetu yenye harufu ya moshi. Nilimweleza Skolastika kwamba hamira hailishwi yote kwa mkupuo. Ikishiba ghafla inazimia. Unaipa kidogo, unaiacha imalize, unaipa tena, na kila mara kinywaji kinapanda ukali. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza zamani darasani, kalamu ikiwa nyuma ya sikio. Kuanzia hapo sikulazimika kumkumbusha. Joto lilipozidi, aliisimamisha chupa ndani ya karai la maji, akaizungushia gunia lililoloa, jinsi mama yake alivyokuwa akipoza mtungi. Nilikuwa ninamwona akiinama na kuweka kiganja juu ya chupa, kama anapima homa.

"Mgonjwa wangu wa pili hajambo leo," alikuwa akisema. "Wa kwanza ndiye msumbufu."

Nimeishi na watu wengi hodari. Sijaona mtu anayeifanya vizuri namna hii kazi asiyoikubali, bila kununa na bila kuipunja.

Leo mapovu yalikuwa yamekoma na mashapo yametulia chini, meupe na laini kama uji wa mtoto. Ilikuwa siku ya kukihamishia kinywaji kwenye chombo safi. Tulipokuwa tunajiandaa, ikapigwa hodi. Shomari.

Shomari ni fundi cherehani, jirani yangu, Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani huo babu zetu waliuokota njiani, walipokuwa wakipitiana na mizigo kati ya pwani na huku. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, hata kwenye msiba wako. Kwenye msiba hasa.

"Mtani, bado unapumua?"

"Nakusubiri utangulie ukanitandikie."

"Mimi niende wapi? Mnyamwezi ndiye aliyezoea safari ndefu na mzigo kichwani. Tangulia, ukifika uniandikie."

"Shikamoo, mzee Shomari," alisema Skolastika.

"Marahaba, binti yangu. Pole kwa kumlea huyu."

Kazi ya kuhamisha inafanywa kwa mpira. Chupa iliyojaa inawekwa juu ya meza, tupu inawekwa chini, halafu mtu anavuta kwa mdomo mpaka kinywaji kipande mpirani, ndipo kitiririke chenyewe. Nikavuta. Kikapanda shibiri moja, pumzi ikaniishia, kikarudi. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

Nikamtazama Shomari.

"Usinitazame mimi," alisema, akiinua mikono yote miwili. "Nimetoka kuswali sasa hivi."

Skolastika naye aliendelea kuufuta mdomo wa chupa tupu. Alikwishasema wakati wa uji.

Tukabaki watu wazima watatu tukiutazama mpira, na mdomo wa kuuvuta hakuna. Kisha binti yangu akaenda jikoni, akarudi na jagi la maji yaliyochemshwa yakapoa. Akaujaza mpira maji, akaziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, akaizamisha moja kwenye kinywaji, nyingine akaielekeza kwenye kikombe, akaachia. Maji yakatoka kwanza. Dhahabu ikafuata nyuma yake, bila haraka, kama mgeni anayefuata mwenyeji. Akahamisha ncha kwenye chombo kisafi, akajifuta mikono.

"Huyu umemzaa wewe kweli?" aliuliza Shomari.

"Alinifundisha yeye," alijibu Skolastika. "Kidato cha pili. Amesahau tu."

Nilikuwa nimesahau kweli. Na sijui kama nimewahi kusahau jambo kwa faida namna hii.

Shomari aliinusa harufu kwa mbali, akakaa vizuri kwenye kiti. Nikajua anakuja na lake.

"Haya, imekuwa nzuri. Sasa siku ya matanga, nani ataonja kwanza?"

Nieleze kwa msomaji asiyetujua. Kwetu, aliyepika pombe ndiye anayepiga funda la kwanza, mbele ya macho ya wageni. Kwa funda hilo anawaambia: humu hamna baya, kunyweni kwa amani. Asipoonja, wazee watashukuru, watasifu rangi, na vikombe vitabaki vimejaa.

"Mimi nitasimama," Shomari aliendelea, "maana ndiyo kazi yangu siku hiyo. Nitasema: jamani, aliyeipika yuko kaburini, na binti yake haigusi. Kunyweni basi, tuone ni nini kilichomuua!"

Nilicheka mpaka nikashika kifua. Kisha kicheko kikaisha.

Alikuwa anasema kweli. Kinywaji chote kile, na maboksi yote yale, yangekaa uani bila mtu wa kuyafungulia njia.

Hapa ndipo pa kuungama, shajara. Skolastika alikuwa amenipa mgongo, anausafisha mpira. Ombi likanipanda mpaka kooni: funda moja tu, mwanangu, siku hiyo moja tu, kwa ajili ya baba yako. Ombi la mtu anayekufa ni zito, na nilijua kwamba nikilitamka hatakuwa na pa kukimbilia. Angeonja. Angeonja, halafu angelibeba jambo hilo maisha yake yote, kimya, kama anavyobeba kila kitu.

Nilifunga mdomo. Ulikuwa ni mvutano.

"Baba," alisema, bila kugeuka, "kwa nini tusubiri ufe?"

Shomari akageuza kiti kumwelekea.

"Waite Jumamosi," Skolastika aliendelea. "Wote walioleta juisi. Uonje mwenyewe, mbele yao. Chakula nitapika mimi. Itakayobaki tutaifunga vizuri, ikusubiri. Siku hiyo ikifika itakuwa imeshaonjwa na mwenyewe, na watu wote watakuwa wameona."

"Na hotuba yangu ya msibani?" Shomari alilalamika. "Nimeitunga miaka!"

"Itoe Jumamosi, mzee. Aisikie."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amegusa mahali ambapo nilidhani hapaonekani.

Nilisema kwamba ninawarudishia watu juisi yao. Ni kweli, ila si kweli yote. Wenzangu wa rika wamekwishatangulia. Niliowafundisha wametawanyika, Nzega, Mwanza, Dar es Salaam. Niliogopa uani patupu. Niliogopa Skolastika akae pale peke yake na viti vya kukodi visivyokaliwa. Nikafikiri kinywaji kikali kitawavuta watu, na wakishakunywa watakaa, na wakikaa watazungumza, na pengine mmoja atasema jambo jema juu yangu ambalo sitalisikia.

Sikumwambia yeyote haya. Binti yangu aliyajua. Nadhani alikuwa ameyajua tangu asubuhi ile ya uji, alipoukoroga muda mrefu.

Najua kinywaji hiki kingependa kukaa miezi ili kilainike. Kitakuwa kipya Jumamosi, na kitakwaruza. Daktari ameniruhusu kulowesha ulimi, si zaidi. Inatosha. Jioni hii Skolastika amekwishaanza kupiga simu. Ninamsikia kutoka chumbani: "Ndiyo, Jumamosi. Hapana, hajafariki. Ndiyo maana ninakuita."

Kabla ya kuonja nitasema mbele ya watu wote kwamba sijapata kumwona mtu aliyenishinda kwa uungwana kama huyu niliyemzaa. Nimeliandika hapa nisije nikaogopa siku yenyewe.

Limebaki tatizo moja, la mikono. Inatetemeka. Anayeonja anapaswa kukishika kikombe mwenyewe, kwa mikono miwili, bila kusaidiwa, wageni wakimwangalia. Baada ya Shomari kuondoka nilichukua kikombe cha bati, nikakijaza maji, nikajaribu. Nusu iliishia kifuani.

Skolastika alipita mlangoni, akaona shati langu. Alichukua kikombe, akakijaza tena, akakiweka karibu yangu, akarudi kwenye simu.

Nimejaribu mara ya pili. Kifua kimeloa kidogo tu.

Kesho nitajaribu tena.