Protini ya Mende Haiko Kichwani

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe amefika. Hata chai hajamaliza, kashauliza nasomea nini hasa. Nikamweleza: mende ana jeni ya kunusia. Jeni hiyo hutengeneza protini, nami natafuta imekaa wapi mwilini. Nakata vipande vyembamba, natia dawa ya kuinasa, kisha rangi. Palipo na protini panageuka buluu.
Akanitazama kwa huruma. "Sasa mwanangu, unasomea kuwaua au kuwatibu?"
Mume wangu kakimbilia jikoni kucheka.

Jumatano, 6 Machi
Buluu! Tena imekolea! Ila vipapasio vya kichwani vyeupe pee. Buluu yote iko nyuma — nyuma kabisa, mende anapoishia. Na profesa wangu miaka nenda miaka rudi anasema iko kichwani. Keshokutwa anawahutubia wageni kutoka vyuo vingine, na kichwa cha habari ndicho hicho.
Fundi wa maabara kachungulia, akasema labda nimemlaza mende kinyume. Nikaudhika. Kisha nikaenda kuhakikisha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimerudia kwa mende wapya. Vipande vingine nimevinyima dawa, nikavitia rangi tu, nione kama rangi inanidanganya. Hivyo vimebaki vyeupe. Vyenye dawa: buluu. Nyuma.
Chakula cha jioni nimekiacha mezani. Mama mkwe kanibana mpaka nikamwambia yote. Akasema bora mtu mzima akasirike chumbani kuliko aumbuke ukumbini. Kesho asubuhi namwambia profesa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwambia. Akainamia hadubini muda mrefu, nikadhani kasinzia. Akauliza nani mwingine anajua. Fundi, nikasema. Na mama mkwe.
Akavua miwani, akaifuta. "Binti, ningesimama pale nikawadanganya watu."
Akafungua kompyuta, akafuta "kichwani". Vidole vikakwama. Tuandike nini sasa, na wageni wenyewe watu wa heshima zao? Nikapendekeza "sehemu ya nyuma". Akaona ni utovu wa adabu. Akaandika "upande usio wa kichwa".
Sasa niko ukumbini, kiti cha mwisho, naandikia mapajani. Picha yangu ya mende iko ukutani, kubwa kama mlango. Mgeni mmoja kanyoosha mkono: upande usio wa kichwa ndio upi hasa?
Profesa kakohoa. Anasema aliyegundua yumo humu, atawaeleza mwenyewe. Vichwa vyote vinageuka —