Shemeji ameshika simu ya marehemu, mimi nimeshika kompyuta

Mpofi, tarehe 11 mwezi wa sita

Mama Emérence, wewe unayesoma matatizo ya watu hewani bila kuwacheka, nakusalimia. Naomba msaada wako, lakini nakuambia mapema kwamba sikuandikii ili unifundishe kunyamaza, maana tangu mume wangu afe watu wengi wamenifundisha somo hilo na bado sijalielewa.

Jina langu ni Kavira. Mume wangu, Kataliko, alikuwa mfanyabiashara, sisi ni watu wa upande wa Butembo, tulikuja hapa Mpofi tukafungua duka la chumvi, sabuni, mafuta na mabati, yeye akizunguka na lori, mimi nikikaa dukani, na wateja wetu, wenye maduka madogo kutoka huku Walikale hadi Kirolirwe, walituma maombi yao kwa WhatsApp kwenye simu yake. Shida ni kwamba simu ilikuwa barabarani na mizigo ilikuwa dukani. Mtu anauliza kama chumvi ya ng'ombe ipo, na Kataliko amekwama kwenye matope, hajui hata kilichobaki. Basi nilichukua kompyuta ya duka, nikafungua ukurasa wa WhatsApp, kile kisanduku cha alama nyeusi na nyeupe kikatokea, nikashika simu yake, nikaingia mahali pa kuunganisha vifaa, nikakielekezea kamera, nikangoja ujumbe wa zamani ushuke polepole, na tangu siku ile kila ombi lilifika kwake na kwangu pamoja. Kataliko alitazama, akacheka, akasema: "Sasa wewe njo ujibu, mimi niendeshe lori."

Nikajibu mimi. Bei, siku ya mzigo kufika, salamu za Noeli, pole za msiba, vyote niliandika mimi, miaka mitatu, na juu ya kila neno palionekana jina lake na picha yake akiwa na kofia.

Mwezi wa pili homa ilimchukua. Siku ya kuvunja matanga nguo zake ziligawanywa kati ya ndugu zake, jambo ambalo sikulipinga, lakini mdogo wake Esdras alipomaliza kujaribu koti alichukua pia simu iliyokuwa mezani, na nilipouliza akasema mbele ya watu wote: "Simu nayo iko nguo, muntu anaivaa kila siku." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Lakini hawakujua kwamba kompyuta ilikuwa bado imeungana na simu ile, na asubuhi yake nilipofungua duka, maombi yalikuwa yananingoja kama kawaida, nami nikajibu kama kawaida.

Ndipo balaa ilipoanza, kwa sababu Esdras naye alianza kujibu. Mimi nasema chumvi ipo, yeye anasema imeisha. Mimi nataja bei, yeye anataja ya kwake aliyoiokota sijui wapi. Magloire, mteja wetu wa Kirolirwe, aliyekwisha kusikia habari ya kifo, aliandika: "Munisamehe, kwenye iyi namba muko wangapi, na muko huku chini ao huko juu?" Kisha akaongeza kwamba amesali rozari nzima kabla ya kutuma ujumbe huo, na kwamba hata hivyo anahitaji chumvi.

Esdras aliona majibu yangu kwenye simu, akaja dukani akiwa amevaa lile koti.

"Nani anaandika na kinywa ya kaka yangu?"

"Mimi. Niliandika hata akiwa hai."

"Zima ile mashini."

"Sizimi."

"Mashini iko ya Kataliko, namba iko ya Kataliko. Wewe uko nani?"

"Niko bibi yake, na niko muntu wa duka. Wewe uko muntu wa koti."

Alikasirika, akaenda kuzima simu siku nzima akidhani kompyuta itakufa, nayo ikaendelea kupokea kama hakuna kilichotokea, sasa anatangaza kwamba nimeweka dawa ndani yake. Amesema Jumapili hii atakuja na wazee wa familia kuchukua kompyuta, na baada ya kompyuta najua wataomba ufunguo wa duka. Bila wateja wale sina duka, na bila duka watanirudisha kwa wazazi wangu na mikono mitupu.

Mtu mmoja anayeuza laini za simu hapa sokoni ameniambia: "Mama, leta karti ya uchaguzi ya Papa Kataliko, tuseme anagonjwa, nitakutolea laini mupya ya namba ileile, na ile ya shemeji itakufa palepale." Karti hiyo, ambayo huku ndiyo kitambulisho, ninayo. Mama Emérence, nifanye hivyo? Kila asubuhi jina la mume wangu linawaka mbele yangu, na sitalitoa kwa mtu aliyelipata kwa kujaribu koti. Usifiche jina langu ukisoma barua hii.

Kavira

Mama Emérence anajibu:

Kavira, pole kwa msiba. Pole hiyo ni ya kweli, sasa tufanye kazi.

Una haki kuhusu duka. Una haki kuhusu ile miaka mitatu. Na wewe Esdras, kama redio yako imewashwa, simu si nguo, nguo haina wateja ndani. Nimemaliza na wewe.

Lakini wewe Kavira, hujanifurahisha. Tangu mwezi wa pili unawaacha watu waandikiane na mtu aliyezikwa. Yule Magloire amesali rozari kwa sababu yako, dada! Unaniambia maneno yalikuwa yako. Basi kwa nini bado unayavalisha kofia ya Kataliko? Shemeji yako anasema wewe si kitu bila jina la mume, na wewe kila siku unaandika kana kwamba unamkubalia.

Kuhusu yule wa laini: hapana. Ukipeleka karti ya marehemu na kusema anaumwa, Esdras hatahitaji tena kukunyang'anya kitu, utakuwa umemkabidhi wewe mwenyewe kosa la kukushtaki nalo, na siku ya kuulizwa yule wa sokoni atasema hakujui. Rudisha karti mahali pake.

Namba mwachie. Nimesema mwachie, usirushe redio. Wewe hutafuti namba, unatafuta watu walio nyuma yake, na hao leo bado unawaona. Kesho sijui. Kuna mahali ndani ya simu ile pa kuikata kompyuta, ni kugusa mara moja tu, na hata Esdras siku moja atafundishwa.

Kwa hiyo leo hii nunua laini yako, kwa karti yako, kwa jina lako. Nakili kutoka kwenye kompyuta namba ya kila mteja. Kisha keti mbele ya kompyuta hiyo na umtumie kila mmoja peke yake ujumbe wa sauti. Usiandike. Maandishi yako wameshayazoea kama ya Kataliko, lakini sauti ya mwanamke hakuna atakayeikosea. Sema: Kataliko amefariki, mimi ni Kavira, tangu zamani mulikuwa munapanga mizigo na mimi, chumvi ipo, namba yangu ni hii. Esdras atasikia kwenye simu yake. Asikie. Anaweza kufuta pia, kwa hiyo rudia ujumbe uleule kutoka namba yako mpya.

Wakishajibu kule kwako, toa namba ya Kataliko kwenye kompyuta kwa mkono wako mwenyewe na uunganishe ya kwako. Najua hilo ndilo linalokuuma kuliko Esdras. Jina lake halitawaka tena asubuhi. Utalia, na hakuna mtu wa kukukataza. Ila usilifanye duka kuwa kaburi.

Kuhusu Jumapili, usiwe peke yako. Muite padri, waite wafanyabiashara wawili wanaojua nani aliwahudumia, na uweke mezani cheti cha ndoa na karatasi za duka. Wazee wakae, wanywe chai, waongee. Kompyuta isitoke nje. Wakilazimisha, Jumatatu uende kwa mwanasheria wa kanisa au mahakamani, maana sheria ya nchi inamtambua mjane.

Ulitaka nisifiche jina lako, na sikulificha. Nenda kanunue laini sasa hivi, na ujumbe wa kwanza kabisa nitumie mimi, uanze kwa kusema wewe ni nani.